Friza Mpya ya Médiatrice

Jumamosi hiyo Médiatrice alikuwa wa kwanza kufika kwenye benchi la Zubeda, pale Bellevue, mtaa wa ugenini wanakoishi wote, chini ya dirisha ambalo Mtanga huyo hutolea vikombe vya kahawa ya tangawizi tangu asubuhi. Hakuja kunywa. Alikuja kungoja gari la duka kubwa la vifaa vya umeme, lililoahidi kumletea friza, na hapo benchini ndipo unapoiona barabara yote, juu na chini. Wenye benchi lao walipofika walimkuta ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika yai. Alikuwepo Kamanda, Mrundi mwenzake, mlinzi wa maegesho ambaye kwenye vyeti anaitwa Égide. Na Profesa, Gustave wa Lubumbashi, msusi mwenye jibu la kila kitu.

— Wamesema saa ngapi, dada? akauliza Kamanda.

— Kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni.

— Eish! Hiyo si saa, hiyo ni siku nzima.

Friza ya kwanza aliinunua baada ya kujinyima misimu miwili, ili auze tomsoni, wale samaki wa barafu ambao Wakongo hawashindi wiki bila kuwala. Ikafanya kazi siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alirudi kutoka kanisani akakuta maji sakafuni na samaki wote wamelegea. Hakuweza kuwauza, wala hakuwa na moyo wa kuwatupa. Akawakaanga wote uani, akaita nyumba nzima, watu wakala mpaka wakaimba. Alicheka nao, kisha akaingia chumbani akalia kidogo, peke yake.

Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Barabara ilileta bakkie, zile pikapu, zenye magodoro, na teksi, gari la duka halikuonekana.

— Gari lipo, Kamanda akasema. Miye ni mlinzi, nawajua. Limeegeshwa nyuma ya duka, dereva amelala. Wanangoja mteja achoke.

— Achoke ili iweje? Zubeda akauliza kutoka dirishani.

— Anunue nyingine.

— Kamanda, uko nyuma sana, mon frère, Profesa akasema. Siku hizi iko kompyuta. Ile muziki ya kungojea kwenye simu, unafikiri ni ya bure? Inapima roho. Ukiwa na roho ngumu, inakukatia.

— Mimi wamenikatia mara nne, Médiatrice akasema.

— Si unaona? Yako ni ya chuma!

— Na mafriza yenyewe yana saa ndani, Kamanda akaongeza. Yamefundishwa siku ya kufa.

— Saa gani? Profesa akadakia. Miye minakwambia, kule kiwandani iko friza moja mama, kubwa kama uwanja wa farasi wa Turffontein. Ile ikizimwa, batoto bake bote duniani banazimika.

— Basi yangu ni yatima, Zubeda akasema, maana ina miaka kumi na tisa na haijawahi hata kukohoa.

Médiatrice alicheka mpaka akaiweka simu chini.

— Lakini Media, wewe walikubali vipi kukubadilishia? Zubeda akauliza. Mimi pasi tu walinirudishia, wakasema nimeimwagia maji.

Akawaeleza. Wiki tatu alizungushwa. Kaunta ya mauzo ilimtuma kaunta ya huduma, kaunta ya huduma ikampa namba ya simu, namba ikampa muziki. Mwisho akaja fundi, akatazama, akasema samaki walikuwa wengi mno.

— Wengi mno! Ni friza au ni kabati la vitabu? Kamanda akafoka.

— Basi Alhamisi nikavaa nguo za kanisani, nikachukua risiti, nikaenda kusimama penye mafriza. Sikupiga kelele. Akaja bwana na mkewe, wakafunua friza ile ile kama yangu. Nikawaambia, hiyo nzuri sana, ilinifanyia kazi siku kumi na moja.

— Wakafanyaje?

— Wakafunika. Akaja mama mwingine. Nikamwambia, inaingia samaki wengi, ila fundi wao hataki uweke samaki. Na yeye akafunika. Wa sita hakuwahi hata kufunua, meneja alikuwa ameshafika mbio, anatabasamu, ananiomba nikakae ofisini ninywe maji.

— Ukaenda?

— Nikamwambia asante, hapa pananitosha.

Benchi likapasuka kwa kicheko. Profesa alisimama akampa mkono kwa heshima, kama anamkabidhi shahada. Médiatrice hakuwaambia kwamba muda wote ule, hadi meneja alipokubali kumbadilishia, alikuwa ameegemea friza ya watu ili asianguke.

Saa tisa na nusu lori jeupe likakata kona. Akashuka dereva, mwanamume mfupi wa Mombasa aliyeitwa Ahmad, na aliposikia Kiswahili uso wake ukafunguka.

— Nani Mama Médiatrice? Shikamoo mama. Saizi yako ilikwisha, meneja amekupa hii kubwa.

Alifungua mlango wa nyuma. Sanduku lilikuwa kubwa, pana, jipya. Wote wakasogea, wakalitazama. Kisha Ahmad akalishika pembe, akageuka.

— Mlango wa chumba chako una upana gani?

Kamanda akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Zubeda. Médiatrice, aliyepita mlango huo kila siku kwa miaka saba, akatanua mikono, akaipunguza, akaitanua tena.

— Twende tu, akasema.

Mlangoni kwake haikupita. Waliigeuza ubavu, haikupita. Waliisimamisha, haikupita. Zubeda akaacha birika, akaleta bisibisi, na wanaume watatu wakaung'oa mlango kwenye bawaba zake huku wakipeana amri ambazo hakuna aliyezifuata. Ndipo friza ikateleza ndani taratibu, ikajaza ukuta mzima. Médiatrice akachomeka waya, taa ndogo ya kijani ikawaka.

— Na mlango je, dada? Kamanda akauliza, ameushika uani kama ngao.

— Ngoja kwanza, kaka, akasema, ameweka shavu juu ya kifuniko. Acha niisikie inavyonguruma.