Mama Nauli na Tiketi ya Kwenda na Kurudi

"Bibi, mbona watoto wa watu wote uliwapa safari, mama yangu ukamnyima?"

Swali hilo marehemu aliulizwa mwaka 2017, jikoni kwake, na mjukuu wake wa miaka minane aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa chini juu. Mama mwenyewe anayesemwa alikuwa chumba cha pili akipiga pasi, na mlio wa pasi ukakoma. Marehemu akakifunika chakula ambacho hakikuhitaji kufunikwa, akasema, "Wewe mtoto, mdomo wako hauna mlango?" Kisha akamtupia hindi kavu apukuchue. Mjukuu alipukuchua mpaka kidole gumba kikawaka moto, jibu halikutoka. Limetoka mwaka huu, na litasomwa mwisho kabisa, kama mwenyewe alivyoagiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mahindi ambako baba yake alikuwa mlinzi. Alikuwa mtoto pekee. Baba alifariki mapema, akabaki na mama yake, ambaye alilipwa kwa kupukuchua mahindi ya ghala. Marehemu alijua kupukuchua kabla hajajua kusoma. Alikuwa akisema kwamba usingizi wake wa kwanza kuukumbuka ni ule wa kulala juu ya gunia, punje zikimchoma mgongoni, na mama yake akiimba wimbo asioujua maneno yake ila mwanzo tu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1965, na chuo cha kilimo mwaka 1971. Darasani walikuwa wasichana wawili. Wavulana wakawaita "Jembe na Mpini", kwa kuwa walikuwa hawaachani, na marehemu alijibu kwamba heri hao, maana wengine darasani humo walikuwa fyekeo butu.

Mwaka 1974 alipata tuzo ya safari. Tuzo yenyewe ilikuwa ndogo: nauli ya kwenda na kurudi na posho ya kula, ili mwanafunzi wa kilimo akakae msimu mmoja katika nchi nyingine inayoendelea, afanye utafiti mashambani pamoja na wakulima badala ya kukariri vitabu tu. Yeye alikwenda kutafiti fukusi, wale wadudu wanaotoboa mahindi ghalani. Jioni ya kuamkia safari, mama yake hakulia. Alileta ungo, wakapukuchua pamoja, mwisho akasema, "Nenda ukahesabu fukusi wa watu. Ukirudi utanikuta."

Alirudi baada ya miezi minane. Alishuka na sanduku lake, akatembea mpaka nyuma ya ghala, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli asilolijua. Jirani akatoka mbio akifuta mikono, akamwambia, "Mwanangu, usigonge. Njoo kwanza ukae." Mama yake alikuwa ameshazikwa. Barua ya kumjulisha ilipishana naye njiani, ikafika kule alikotoka wakati yeye anafika huku. Habari hii marehemu aliisimulia mara chache sana, na kila mara aliishia kwenye kufuli.

Mwaka 1976 aliajiriwa chuoni hapo hapo kama mwalimu msaidizi. Baadaye akawekwa kwenye kamati iliyowachagua wanafunzi wa kupewa zile tuzo za safari, akakaa humo mpaka alipostaafu mwaka 2011. Ndipo alipopata jina la Mama Nauli. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, karibu na bomba lililovuja, ina meza ya mbao, ramani iliyochanika pembeni, na kapu la mahindi makavu. Mwanafunzi akija kusailiwa, kabla hajafungua mdomo alikabidhiwa hindi. "Pukuchua huku unanieleza unachokwenda kutafuta." Wajumbe wenzake walimcheka mwanzoni. Yeye aliwaambia kwamba mikono ikiwa na kazi, mdomo husahau kujipamba.

Kijana mmoja alikuja na suti ya kuazima, jasho linamtoka, akalikamua hindi kwa nguvu zote. Punje zikaruka, moja ikatua ndani ya chai ya mwenyekiti. Mwenyekiti akaitoa kwa kijiko, akaitazama, akasema, "Huyu apewe safari haraka kabla hajatumaliza." Alipewa. Leo ni daktari wa magonjwa ya mimea, na yupo hapa miongoni mwetu. Ndiye aliyekohoa sasa hivi.

Lakini kazi ambayo haikuandikwa popote ni hii. Kila mwanafunzi aliyepata tuzo alitakiwa amwambie marehemu ni nani anayebaki nyumbani. Kisha, mwanafunzi akishaondoka, marehemu alikwenda kumtembelea huyo aliyebaki, mara kwa mara, mpaka msafiri arudi. Mumewe alikuwa akisema, "Watoto wanatafiti mashamba, mke wangu anatafiti wazazi." Akimkuta mzazi anaumwa, simu ilipigwa siku hiyo hiyo. Wapo waliorudishwa katikati ya msimu, wakakasirika, kisha wakamshukuru wakilia.

Dereva mmoja wa lori aliwahi kumfuata ofisini, kofia mkononi.

"Mwalimu, huyu binti yangu kweli atarudi?"

"Wewe ukitoka na lori alfajiri, mkeo hakuulizi hivyo?"

"Ananiuliza kila siku."

"Unamjibu nini?"

"Nanyamaza."

"Basi na mimi nanyamaza, baba. Ila tiketi ni ya kwenda na kurudi, nimeikata mwenyewe."

Dereva akacheka, akavaa kofia, akaenda zake.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 4 Disemba 1976 na fundi trekta wa chuo. Walikutana pale fundi alipotumwa kutengeneza mashine ya kupukuchua mahindi. Aliitengeneza siku nzima, alipoiwasha ikanguruma vizuri, naye akatazama kando akamwona mwalimu msaidizi ameketi chini anapukuchua kwa mkono. "Dada, mashine imepona." "Nimesikia, kaka. Na mimi siumwi." Fundi aliisimulia hadithi hiyo katika kila sherehe mpaka alipofariki mwaka 2008, na kila mara alimalizia, "Mimi alinikubali. Mashine yangu mpaka leo hajaikubali." Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Huyo wa kike ndiye mama aliyeulizwa habari zake jikoni. Alisoma chuo hicho hicho, na mwaka 1999 aliomba tuzo ya safari kama wenzake. Siku ya usaili wanafunzi wote walikuwa wamejaa koridoni. Yeye hakungoja kukabidhiwa hindi. Alikuja na lake kutoka nyumbani, ameshalipukuchua, gunzi jeupe safi, akitaka kumchekesha mama yake. Mlango ukafunguliwa. Marehemu akasimama kizingitini, akasema mbele ya wote, "Jina hili liondoeni," akafunga mlango. Hakueleza sababu, si kwa wajumbe wala nyumbani. Tangu hapo mama na binti walipendana kwa uangalifu, kama watu wawili wanaobeba sinia moja la vikombe. Hawakugombana kamwe. Lakini binti, ambaye sasa ni mpimaji wa mbegu katika maabara, hajawahi kuomba safari nyingine yoyote, hata ya kikazi ya wiki moja. Wafanyakazi wenzake humwita Nanga. Mwezi uliopita walitafuta mtu wa kwenda msimu mmoja nje kujifunza njia mpya za kuhifadhi mbegu, wakamtaja yeye. Akajibu kama kawaida yake, "Mimi nipo nipo." Nafasi bado haijapata mtu.

Mwaka huo huo wa 1999, wakati wa likizo, marehemu alikwenda semina. Familia inaikumbuka semina hiyo kwa kuwa ndiyo pekee aliyorudi bila mfuko wa makaratasi wala kalamu ya bure. Alirudi amejifunga mtandio shingoni, na kuanzia siku hiyo hakuonekana bila mtandio, jua liwake namna gani. Wajukuu walidhani bibi wote huzaliwa nao.

Afya yake ilianza kudhoofika mwanzoni mwa mwaka 2025. Moyo ulichoka, miguu ikavimba, ngazi tatu za barazani zikawa mlima. Binti yake alihamia kwake, akalala kwenye kiti pembeni ya kitanda, akimgeuza, akimwosha miguu, akimsomea magazeti. Alilazwa hospitali tarehe 2 Septemba. Hata wodini hakuacha kazi yake, alimuuliza muuguzi, "Nyumbani umemwacha nani?" Muuguzi akasema mtoto mwenye homa. "Na bado uko hapa unanipima mimi niliyekwisha pimwa tangu asubuhi?" Alifariki tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mtoto wa kiume, fundi umeme. Mtoto wa kike, mpimaji wa mbegu. Mkwe wa kike na mkwe wa kiume. Wajukuu watatu, mmoja wao akiwa ndiye anayesoma maneno haya. Na wanafunzi waliokwenda na wakarudi, ambao wamejaa hapa mpaka viti vimeazimwa kwa majirani. Mwenyezi Mungu ampe pumziko la mtu aliyefika nyumbani, akakuta mlango wazi na wenyewe wapo.

Sasa jibu. Siku mbili kabla hajafariki, binti yake alipotoka kwenda kununua dawa, marehemu alimvuta mjukuu wake karibu, akalegeza mtandio. Shingoni palikuwa na kovu refu la mshono wa zamani.

"Uliniuliza swali ukiwa kwenye ndoo. Mimi sisahau deni. Mwaka ule daktari alinishika hapa, akaniambia nisipange mambo ya mwaka ujao. Sikumwambia mtu. Babu yako nilimwambia naenda semina; alipoliona kovu nikamwapisha asiseme. Mama yako angekwenda kama mimi, angerudi na sanduku lake kama mimi, angekuta kufuli. Nikasema hapana, huyu wangu hatapishana na barua njiani. Basi, nikapasuliwa. Mwaka ukaisha, nipo. Ukaja mwingine, nipo tu. Sasa utamwambiaje mtu, mwanangu, nilikunyima kwa sababu nilikuwa nakufa, halafu nikasahau kufa? Nikaona aibu ya kupona. Aibu ikakua, ikaota mizizi, nikashindwa kuing'oa.

"Wewe ndiye utakayemwambia. Nilimnyima mbele ya watu, aambiwe mbele ya watu. Mwambie alistahili kuliko wote. Lile gunzi lake nililiokota koridoni walipoondoka, ninalo mpaka leo, liko chini ya kapu. Na mwambie asiogope mlango tena. Safari hii nimetangulia kutoka mimi, hakuna atakayerudi asimkute aliyemwacha nyumbani. Mwambie mama yako ang'oe nanga."