Kigoda cha Misa ya Pasaka

Asubuhi ya Pasaka, kwenye bajaji iliyotoka Lipangalala, nilikaa kati ya mama mwenye kigoda na kijana mwenye Biblia ya zipu. “Shikamoo mama. Kigoda cha nini?” nikauliza. “Marahaba. Cha misa, baba. Leo wale wa mara moja kwa mwaka wanajaza mabenchi, sisi wa kila Jumapili tunakaa nje.” Mimi, wa mara moja kwa mwaka, nikatazama barabara.

“Nilikuwa dhehebu la Roma kama wewe, nikaokoka,” kijana akasema. “Kanisani kwetu nafasi ipo.” “Na mama yako naye?” mama akamuuliza. “Alibaki Roma. Tulimzika Januari. Jumuiya yake walishinda msibani siku tatu wakisali rozari. Wenzangu wa wokovu walituma meseji tu.”

Bajaji ikasimama kanisani kwa mama. Kijana akampokea kigoda ili ashuke. Mama aliponyoosha mkono, kijana alikuwa bado amekikumbatia. “Kaka, unashuka au tunaendelea?” dereva akamuuliza kijana.