Mkaguzi Aliyekuja na Saa ya Mkononi

Benchi la kijiwe liko chini ya dirisha la Mama Sindano, fundi wa nguo, na siku hiyo mama mwenyewe alikaa katikati yake, mikono mapajani, hajui aiweke wapi. Ndani, kwenye kiti chake cha cherehani, mkaguzi wa serikali alikuwa akiandika. Alikuja kufuatilia barakoa za msaada zilizoshonwa wakati wa ugonjwa ule. Karatasi aliyokuja nayo ilisema Mama Sindano alishona elfu tano kwa siku nne. Yeye alishona mia mbili, lakini sahihi iliyokuwa chini ya karatasi ilikuwa yake. Wembe, kinyozi wa jirani, akammiminia kahawa. Betri, fundi simu, akasogea karibu.

— Kakuuliza nini, Mama?

— Hakuuliza. Kaniambia nishone barakoa moja. Akavua saa, akaiweka mezani.

— Halafu?

— Nikashona. Akaandika dakika kumi. Akapiga hesabu, akasema elfu tano zingenichukua siku thelathini na tano, usiku na mchana, bila kula wala kwenda msalani.

Wembe akabaki na birika hewani.

— Kwa saa tu?

— Saa tu. Mkanda wenyewe umechakaa.

— Hiyo si saa, akasema Betri. Mimi nafungua vyombo kila siku. Ile ukidanganya, inasimama.

— Saa si kitu, Wembe akamkatiza. Jana kaingia zahanati, kaangalia ndoo za kunawia mara moja, kajua hazijawahi kutiwa maji. Yule anaona mpaka yaliyopita.

— Kaonaje?

— Mabomba ya ndoo yalikuwa bado na plastiki ya dukani.

Wakatazamana, kana kwamba wamesimuliwa muujiza.

— Mimi nimeambiwa anapima hata vivuli vya watu, Betri akanong'ona.

Mama Sindano hakucheka.

— Nitafungwa, jamani?

— Kwani ulisaini ya nini, Mama?

— Karani wa msaada ule alikuja na karatasi imekunjwa juu, maandishi hayaonekani. Akasema ni mahudhurio ya mkutano. Ukisaini, unapewa soda.

Wembe akatazama viatu vyake. Betri akanywa kikombe ambacho kilikwisha zamani.

Mlango ukafunguka. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi, viatu vimejaa vumbi. Akawasalimu, akaikunjua karatasi ile mbele yao.

— Hapa kinyozi amethibitisha kuzipokea barakoa elfu tano. Fundi simu amethibitisha kuzihesabu. Ni sahihi zenu?

Wakaitikia kwa vichwa.

— Kabla ya kusaini, nani kati yenu aliikunjua?

Betri akakirudia kikombe chake kitupu. Hata birika Wembe hakuligusa.

Mkaguzi akamgeukia Mama Sindano, akampa karatasi mpya.

— Haya ni maelezo yako, mama. Nimeandika ulichoshona na jinsi ulivyosainishwa. Ukiona ni kweli, saini chini.

— Saini haraka, Betri akamnong'oneza. Umepona.

Mama Sindano akashika kalamu. Kisha akaiweka kando, akatoa miwani mfukoni, akaanza mstari wa kwanza kabisa, kidole chini ya kila neno, midomo ikitembea taratibu.

Mkaguzi akakaa kwenye ncha ya benchi, akaivaa saa yake, akasubiri. Karatasi ilikuwa na kurasa mbili. Saa yenyewe hakuitazama hata mara moja.