Mwalimu Damian Karugendo na Zinki ya Betri

Damian Karugendo alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, hapa Izigo, mtoto wa nne wa Mzee Byabato na Mama Joviana. Watatu waliomtangulia hawakufikisha mwaka. Kwa hofu ya kumpoteza na huyu, mama yake alimbeba mgongoni hata alipokuwa ameshajua kukimbia. Alikua katika kibanja hiki cha migomba na kahawa tulimoketi leo.

Alisoma shule ya msingi ya parokia, kisha sekondari mjini Bukoba, na mwaka 1971 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea kemia na ualimu. Huko alikutana na kimeng'enya kimoja cha kongosho kiitwacho kaboksipeptidesi, akakipenda maisha yake yote. Alikieleza hivi: nyama au maharage tunayokula ni mnyororo mrefu wa protini. Kimeng'enya hiki huushika mnyororo kwenye ncha yake, na ndani yake imekaa chembe moja tu ya madini ya zinki. Zinki husaidia maji kuvunja kiungo, pete ya mwisho ikadondoka, kisha inayofuata. Ukiitoa zinki, kazi inasimama. Ukiweka madini mengine, kadimiamu, mahali pake, kimeng'enya kitaendelea kukata viungo vya aina ya esta, lakini vya protini kitashindwa. "Ukikitazama juu juu, utadhani ni kizima," aliwaambia wanafunzi.

Alianza kufundisha Bukoba mwaka 1974. Vita vilipoingia Oktoba 1978 na ndege zikasikika juu ya mji, alikimbia na darasa lake hadi migombani, akatapika mbele yao. Hakuuficha woga wake. "Mwalimu wenu ni mwoga," alisema akijifuta mdomo. "Sasa tuendelee." Shule ilipofungwa alirudi Izigo, akawakusanya wanafunzi wa jirani barazani, na ili waione zinki kwa macho yao akapasua betri ya redio.

Mzee Byabato alimkuta na ganda lake la zinki mkononi.

"Waitu, Damian! Umeichinja betri yangu? Nitajuaje nduli na majeshi yake wako wapi?"

"Tata, madini haya yamo hata tumboni mwako."

"Basi tumbo langu litusomee habari!"

Baraza zima lilicheka, naye Damian akacheka hadi machozi. Siku nne nyumba hii ilikaa bila habari za vita, na kila lori lililopita barabarani liliwafanya watu waache kutafuna.

Tarehe 12 Julai 1980 alifunga ndoa takatifu na Skolastika wa Buganguzi. Walijaliwa watoto wawili, Bernadina na Mujuni.

Machi 1988 Mwalimu alianza kuharisha, na hakupona tena. Ndizi, samaki, maharage, vyote vilipita. Mwaka ule makaburi mapya yalikuwa yakiongezeka migombani, na watu walikuwa wakirudi mazikoni bila kutaja kilichomwua mtu. Wengine waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo, wengine walisema ni uchawi. Skolastika alimwomba waende wote Bukoba kupima damu. Alikubali kila jioni na kila asubuhi akapata sababu ya kutokwenda. Akili yake ilikimbilia mahali ilipopazoea: kimeng'enya kimekosa zinki. Akaanza kupasua betri kuukuu, akawa analoweka maganda katika siki na kunywa maji yake.

Skolastika aliyakuta maganda nyuma ya jiko.

"Damian, unakunywa betri?"

"Ni zinki tu imeniishia, Skola. Ikirudi, chakula kitakaa."

"Wewe mwenyewe umefundisha kwamba zinki imo kwenye samaki na maharage. Imeishaje?"

Aliokota ganda moja, akalifumbata kiganjani.

"Na mimi nikianza kukonda, utanipasulia betri ya nani?"

Mwalimu aliketi chini palepale. Baadaye alimwambia, "Nimekuwa kile chenye kadimiamu. Kusalimia watu bado naweza. Kufundisha naweza. Chakula ndicho siwezi. Najua ni nini, tangu mwanzo najua. Naogopa karatasi yako ya majibu kuliko yangu."

Ilikuwa imepita miezi kumi na minane. Tarehe 18 Septemba 1989 walikwenda Bukoba wakiwa wameshikana mikono kama wachumba. Majibu ya Mwalimu yalirudi Oktoba: alikuwa na UKIMWI. Chupa ya damu ya Skolastika ilivunjika njiani, ikabidi atolewe upya. Majibu yake yatatoka Jumatatu, tarehe 13 mwezi huu.

Wiki iliyopita senene, wale panzi wa msimu, walianguka, na Mama Joviana akamkaangia mwanawe. Alikula watatu, mmoja mmoja, akafumba macho kana kwamba anasikiliza ndani yake mnyororo ukikatika. Alifariki Jumatano, tarehe 8 Novemba 1989, saa nne asubuhi.

Baadhi ya wazee walishauri iandikwe tu "baada ya kuugua kwa muda mrefu." Yeye aliagiza jina la ugonjwa litajwe, ili asitafutwe mchawi, na miezi ile kumi na minane isifichwe. "Semeni niliogopa," alisema, "na kwamba woga wangu ulimnyima mke wangu usingizi." Aliagiza pia mambo mawili: sahani ya Skolastika isitengwe na za wengine, na siku ya majibu asiende peke yake.

Jana karatasi hii ya wasifu wake ilisomwa mbele ya ukoo. Watu walitazama miguu yao. Ndipo Mama Joviana, ambaye hajui kusoma na magoti yanamsumbua, alipomwambia mkwewe: "Nilimbeba yule. Nitakwenda na wewe."

Marehemu ameacha baba, Mzee Byabato, mama, Joviana, watoto, Bernadina, miaka minane, na Mujuni, miaka miwili, anayenyonya bado, na mjane, Skolastika, ambaye atapanda basi la Bukoba Jumatatu alfajiri pamoja na mama mkwe wake.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Kwako kuogopa kumekwisha. Sisi tunangoja Jumatatu.