Washirika Ambao Sijala Nao Meza Moja

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, mmeitika kama watu waliokunywa uji wa moto. Itikieni vizuri, maana leo sikuja hapa mbele kwa upole. Bwana asifiwe tena!

Naitwa Haika. Wengi wenu mliniona nikibebwa mgongoni kuletwa kanisani humu, na mnajua jina langu kwa Kichagga maana yake ni asante. Lakini kabla ya asante nina hasira, na nitaanza na hasira, kwa sababu nikianza na asante mtasema amina, mtakaa, na mimi nitakuwa sijasema kitu. Mchungaji ameniruhusu. Ameniomba tu nisitukane, nami nitajitahidi.

Mama yangu alipofariki mlikuja wote nyumbani kwetu, mkalia nasi, mkazika nasi, mkaondoka. Mimi sikuondoka. Nilibaki kwenye msiba ule miezi na miezi baada ya turubai kushushwa. Nilikuwa nashuka sokoni Pasua kila asubuhi kwenye cherehani yangu kushona sare za shule, na kuna siku nilishona mkono wa shati mahali pa kola nisione. Silali. Chakula hakipiti. Nikaenda hospitali mjini. Daktari akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, dada, hii inaitwa sonona, ni ugonjwa kama magonjwa mengine na unatibika. Na kweli nilipona! Nilimeza dawa, nilirudi kuongea na daktari kila aliponiita, nikapona, nikaanza tena kuimba kwaya. Ningeishia hapo ungekuwa ushuhuda mzuri tu.

Lakini matibabu yale yalilipwa na bima. Sisi mafundi cherehani tulijiunga kwa kikundi, akaja wakala mmoja mcheshi na fomu zake. Na msiniambie, Haika, ulisaini bila kusoma. Nilisoma! Ndiyo maana nina hasira. Iliandikwa kwamba taarifa zangu zitatumiwa na wao pamoja na "washirika wetu". Washirika! Mimi ni mtoto wa Kilutheri. Kwetu kanisa ni usharika, watu wake ni washarika, na meza ya Bwana ni Ushirika. Tangu kipaimara najua mtu wa namna hiyo ni nani: ni yule ninayepiga naye magoti pale madhabahuni, na asipoonekana Jumapili mbili tunaenda kumjulia hali. Nikawaza, hao watakuwa hospitali na duka la dawa, watu wa tiba. Nikasaini kwa mwandiko mzuri.

Sasa sikilizeni. Akatokea kijana wa Marangu, Elibariki. Alinipenda, nami nikampenda. Kabla hajaleta wazee wake, nilimweleza habari ya sonona kwa mdomo wangu mwenyewe. Akasema, "Haika, mimi naoa wewe, sioi cheti cha hospitali." Nikaamini. Wazee wao wakaja, wa kwetu wakawapokea, ikapangwa siku ya kuzungumza mahari.

Siku hiyo baba hajamaliza hata kukaribisha wageni, shangazi yake Elibariki akasimama. Akasema, "Sisi tumechunguza. Binti yenu ana faili la akili." Tena alisema kwa majivuno! Binti yake anafanya kazi kwenye kampuni nyingine hapo mjini, inayoshughulikia malipo ya ile bima yetu, na ameona kwenye kompyuta kliniki niliyokwenda na dawa nilizopewa.

Kumbe hao ndio washirika, ndugu zangu!

Baba yangu mnamjua. Hajapata kupaza sauti hata kwa ng'ombe. Siku ile alisimama akasema, "Zamani mlipochunguza ukoo mlikuja kwa miguu yenu. Mliuliza majirani, mlikunywa pombe yetu ya mbege, mlitutazama usoni, na sisi tulijua tunaulizwa, tukajibu. Leo mmemchunguza mwanangu mpaka ndani ya mwili, na hodi hamkupiga." Wakaondoka, na mbege ikabaki kwenye mtungi. Na Elibariki, aliyejua kila kitu tangu mwanzo? Alikuwa anaangalia viatu vyake. Viatu! Kama vile ndiyo kwanza amevinunua.

Habari ilishuka Pasua kabla yangu. Sonona ikawa kichaa. Mama mmoja akaja kuchukua kitambaa chake ambacho sijakikata, akasema ameahirisha kushona. Yupo humu leo. Simtaji jina. Mimi si kampuni ya bima.

Basi ile hali ikarudi. Naijua inavyoingia, inaanza na usingizi. Na safari hii sikwenda hospitali. Hapa ndipo hasira yangu ilipo, ndugu zangu, kuliko hata kwenye uchumba uliovunjika. Wachumba wapo! Lakini nilikuwa nikiishika ile kadi ya bima nawaza, nikiitoa tu pale dirishani, Marangu watajua kabla sijafika nyumbani. Daktari yupo, dawa ipo, michango nimelipa, na mimi nateketea ndani kwa sababu kadi ya kunitibu imegeuka mdomo wa kunisema. Waliuchukua ugonjwa wangu wakaugawa kama vile ni wao, mpaka nikaogopa kupona! Nilifika mahali nikamwomba Mungu anichukue. Nasema wazi, niliomba hivyo.

Ikafika Jumapili ya Ushirika Mtakatifu. Nilikuwa nimelala, nimeelekea ukutani. Baba akaja na viatu vyangu mkononi, akaviweka kitandani, viatu juu ya shuka, yeye asiyependa uchafu, akasema, "Twende." Nikaja. Nikapiga magoti pale mnapopaona. Nageuka, aliye kando yangu ni yule mama wa kitambaa! Nilitaka kuinuka. Kikombe kikapita kwangu, kikaenda kwake. Tuliposimama aliniinamia sikioni akaniambia neno, kwa Kichagga, huku machozi yanamtoka. Neno lile ni lake. Litabaki hapa kifuani mpaka nizikwe nalo.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua! Haleluya! Nilishuka ngazi zile nikijua kwamba siri si uchafu. Siri ni kitu unachompa mtu unayemwamini, kama yule mama alivyonipa mimi, na anayeichukua bila kupewa ni mwizi, hata akiwa na ofisi yenye vigae na feni.

Kesho yake nilikwenda kwenye ofisi ile ya bima, mimi na baba. Nikamwambia meneja anitajie washirika wao, mmoja mmoja, kwa majina. Akasema huo ni utaratibu. Akasema nilisaini. Nikamwambia, "Nilisaini nitibiwe, sikusaini nitangazwe." Hakuweza kuwataja. Mtoto wa shule ya Jumapili hapa kwetu anaweza kukutajia benchi zima analokalia, na yule bwana mwenye tai hajui afya yangu imepita mikononi mwa nani! Nimepeleka malalamiko panapohusika. Bado nasubiri, na sitanyamaza. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja hospitali, nikatoa kadi dirishani.

Elibariki naye alikuja, na jani la isale mkononi. Mnajua akikuletea mtu isale huna njia, lazima usamehe. Nililipokea, nikamsamehe kabisa. Akauliza basi tupange lini siku nyingine ya mahari. Nikamwambia isale linaleta amani, halileti bwana harusi. Baba alicheka, na ndicho kilichokuwa kicheko chake cha kwanza tangu tumzike mama.

Lakini ile kampuni ya bima, ndugu zangu, haijaleta hata jani. Kwa hiyo msinihimize nisamehe. Nitasamehe nikiombwa. Hasira hii nimemkabidhi Mungu ainyooshe, sikumwomba aizime.

Sasa nasema lililonileta. Niliugua sonona. Nimeugua mara mbili, na bado natumia dawa. Leo nimewashirikisha mwenyewe, kwa hiari yangu, kwa sababu ninyi ndio niliokula nao meza moja. Na najua humu ndani kuna mwenzangu amekaa kimya, anaogopa kadi, anaogopa dirisha, anaogopa shangazi. Mpendwa, mtumaini Bwana, na uende ukatibiwe! Usife kwa aibu waliyokushonea wengine. Jumanne nashuka kliniki. Nitapita barabara kuu mchana kweupe, bila kujifunika kitenge usoni. Ukitaka, tuongozane. Sitakuuliza unaumwa nini.

Ee Mungu wangu, uliyenijua tumboni mwa mama yangu na hukumwambia mtu, haika. Haika sana.