Mabati Yapo, Misumari Je?

Benchi lenyewe lilikuwa limerudi juzi tu. Kimbunga kililing'oa pale konani, mafuriko yakalipokea, na wenyewe, wanywaji kahawa wa mtaa, wakaja kulikuta limenasa kwenye uzio wa shule, miguu juu, halina hata ufa. Wakalibeba mabegani kwa vifijo mpaka mbele ya kibanda cha Mama Birika, na siku hiyohiyo kahawa ikachemka. Maji yalishaondoka, yameacha alama ya tope ukutani usawa wa kifua, lakini watu wote wa mtaa walikuwa hai, na hilo Mama Birika alilisema kwa sauti kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, maana bado alikuwa haamini. Kilichomsumbua ni kimoja. Binti yake alijifungulia kwenye darasa walilokimbilia, na mpaka leo alikuwa analala na kichanga chake chini ya ubao wa kuandikia. Nyumbani kuta zilisimama, mbao za paa zilishapandishwa, mabati mapya ya msaada yameegemezwa ukutani. Misumari ndiyo haikuwepo. Na mwalimu mkuu alishatangaza kwamba kesho wanafunzi warudishiwe madarasa. Asiye na paa atahamishiwa kwenye mahema ng'ambo ya mto. Mama Birika alikuwa ameliona lile tope la ng'ambo ya mto, na moyo wake ulikataa katakata.

Alikuwa anamimina kikombe cha kwanza alipoanza Mkasi, kinyozi, mtu wa maneno mengi na shingo ndefu.

MKASI: Jamani, tujiulize kama watu wazima. Mtaa mzima una mabati, msumari hakuna hata wa dawa. Kwa nini?

SINDANO: Daraja, ndugu yangu. Lori la misumari limekwama darajani.

Huyu Sindano ni mshona nguo, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mkasi alimtazama kwa huruma.

MKASI: La mabati limepita, la ndoo limepita, tena mara tatu. Daraja lichague misumari peke yake?

SINDANO: Misumari ni mizito.

MKASI: Mizito wapi! Sikilizeni niwaambie. Misumari wanayo, wanaificha. Umeyaona magari ya mashirika? Matairi mapya matupu. Wakigawa misumari mtaa mzima, imwagike njiani, kesho nani atawafikisha kwenye mkutano?

PROFESA: Mnaongea kama watoto.

Benchi lote likamgeukia. Profesa alitengeneza simu kwenye meza ndogo ya pembeni, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akisema sijui.

PROFESA: Kimbunga ni nini? Ni upepo unaozunguka. Kitu kikizunguka kwa kasi ile kinazalisha sumaku. Hii ni sayansi. Misumari yote ya ukanda huu imenyonywa, iko huko juu mawinguni inazunguka. Siku sumaku ikiishiwa nguvu, itashuka yote kwa pamoja.

SINDANO: Kumbe zile ndoo tulipewa tuvae kichwani!

Wakacheka mpaka benchi likalia. Mama Birika naye alicheka, kwa sababu ndoo zilikuwa zimemchosha. Kila shirika lililofika lilileta ndoo. Kila nyumba ilikuwa nazo zimetumbukizwa moja ndani ya nyingine mpaka dirishani, na yeye mwenyewe alikuwa amekalia moja, ameweka birika juu ya nyingine, na ya tatu alitilia mkaa.

MAMA BIRIKA: Profesa, hiyo sumaku mbona iliacha masufuria yangu?

PROFESA: Hayo ni ya alumini, Mama Birika. Usibishane na sayansi.

MAMA BIRIKA: Sibishani, baba. Mimi nataka mjukuu wangu atoke darasani. Nimekwenda ghala la kwanza, wanasema misumari ya mtaa wenu iko kwa wenzetu. Nikaenda kwa wenzao, nao wakanirudisha kulekule. Leo nimeamka nimechoka kuzungushwa.

Alisema kwa utani, lakini sauti ilimkatika mwishoni, nao wakainamia vikombe vyao.

Ndipo pikapu iliyopakwa tope mpaka kwenye kioo ikasimama. Akashuka msichana mwenye buti za mpira na sauti iliyokauka kwa kuongea.

— Shikamooni, wazee wangu. Natoka ofisi ya kuratibu misaada. Kahawa ipo?

— Ipo, mwanangu. Kaa, Mama Birika akasema, akampa ndoo.

Msichana akanywa funda moja, akafumba macho kwa raha, kisha akauliza kwa upole kabisa:

— Mwenyekiti wa kamati ya misaada ya mtaa huu ni nani?

Mkasi alimtazama Sindano. Sindano alivua miwani akaanza kuifuta. Profesa alishika simu iliyokufa, akaibonyezabonyeza.

— Nauliza kwa sababu nimemtafuta sana, msichana akaendelea. Kazi yangu ni kuangalia mashirika yasilete kitu kimoja yakasahau kingine. Sasa walioleta mablanketi wananiambia mwenyekiti wa hapa ni mshona nguo. Walioleta mabati wanasema hapana, ni kinyozi. Wa sabuni na dawa ya maji wanaapa kwamba ni fundi simu. Na kila mwenyekiti aliomba ndoo.

SINDANO: Siku ile tulikuwa tunachota maji vyumbani kwa mikono. Mtu akikuuliza unataka nini, utasema nini?

MKASI: Na hao wageni walifika na heshima zao, wakauliza mkubwa ni nani. Ungewaacha wamesimama tu?

— Sawa, mzee wangu. Lakini wa mabati walimuuliza mwenyekiti wao kuhusu misumari. Akasema ipo.

Mama Birika aliweka birika chini.

MAMA BIRIKA: Mkasi.

MKASI: Niliona haya, dada! Watu wametoka mbali kote huko na mabati ya bure, halafu nidai na msumari? Nikasema hilo tutalimudu. Nilijua Sindano atawaomba wale wake wa mablanketi.

SINDANO: Mimi nilijua Profesa anaomba.

Wote wakamgeukia Profesa. Alikohoa, akaitazama simu.

PROFESA: Sijui nilifikiri nini.

Mama Birika alitaka kukasirika. Alikuwa na haki hiyo, na kwa muda kidogo hasira ilipanda kweli. Lakini akawatazama watatu wale, kila mmoja amejikunyata kwenye upande wake wa benchi, na kicheko kikamtoka bila kuombwa, kicheko cha tangu kabla ya upepo, mpaka akashika kiuno.

— Misumari ninayo garini, msichana akasema. Ila namkabidhi mtu mmoja. Mtu ambaye nikija wiki ijayo na saruji nitamkuta, na jibu lake likawa moja. Basi ni nani?

Kila mmoja akamwelekeza mwenzake kwa kidevu. Kusema "mimi" kulikuwa ni kujitwisha ndoo zote za mtaa mzima. Msichana akamaliza kahawa yake na kusimama.

— Basi, kubalianeni, wazee. Mimi naanza na mtaa wa chini, nitarudi kesho.

Kesho! Mama Birika aliiona kesho hiyo yote: hema, tope, kichanga kimefunikwa kanga iliyolowa. Akanyanyuka kutoka kwenye ndoo yake.

— Usiondoke, mwanangu. Mwenyekiti ni mimi.

— Tangu lini, mama?

— Tangu ulipomaliza hicho kikombe. Wajumbe wangu ni hawa.

MKASI: Ndiye! Amepita bila kupingwa!

Msichana alitabasamu, akatoa boksi zito la misumari.

— Na ndoo je, mwenyekiti? Mtaa wa chini wanateka maji kwa vikaango.

— Hizo zipakie zote, na hii niliyokalia.

Wakapakia, nyumba hadi nyumba, mpaka pikapu ikajaa. Boksi lilibaki miguuni pa Mama Birika. Alilifungua, akachukua misumari mkono mzima, ikamchoma kiganja, naye akalia kidogo mbele ya watu wote wala hakujificha. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga.

— Sindano, kashike ngazi. Mkasi na Profesa, juu.

PROFESA: Na kahawa?

— Mtaiteremkia.

Wakaondoka wanagombania nyundo. Mama Birika aliegemea dirisha la pikapu.

— Utapita shuleni, mwanangu?

— Nitapita, mwenyekiti.

— Darasa la mwisho, chini ya ubao. Mwambie binti yangu afunge mizigo. Chumba kimoja kinatutosha kwa leo.