Bi Kunja na Bei ya Nakala ya Kwanza

Marehemu, ambaye wengi wenu hapa hamjui jina lake jingine zaidi ya Bi Kunja, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mpaka rangi na mama yake alikuwa muuza maziwa. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa pekee, naye ameonywa mapema. Programu mliyoshika ni karatasi moja iliyokunjwa mara moja, maana yake kurasa nne, na marehemu alisema wazi kwamba ukurasa wa tano haupo duniani. Anayeutaka wa tano atalipia nane. Kwa hiyo mtuwie radhi mahali tutakapopita mbio.

Baba yao alikuwa na ngazi ndefu ya mbao aliyoibeba begani mji mzima. Siku moja jirani aliulizia bei ya kupakiwa rangi mlango mmoja, akaguna, akaenda zake. Binti, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, akamgeukia baba yake.

"Baba, mbona mlango mmoja bei yake inakaribia ya milango miwili?"

"Mwanangu, ngazi ni ile ile," baba akamjibu. "Niende kupaka mlango mmoja, niende kupaka kumi, ngazi naibeba mimi, brashi naziosha mimi."

Neno hilo lilimkaa kichwani, likawa lake. Akitumwa sabuni moja alirudi na sita, na akiulizwa alisema ameshafika dukani, ngazi ni ile ile. Ilibidi mama aanze kumtuma mdogo wake, ambaye akili yake ilikuwa fupi lakini haikuwa na hasara.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957 na akamaliza sekondari mwaka 1968, akiwa wa pili katika hesabu. Wa kwanza alikuwa msichana aliyekaa naye dawati moja, na marehemu alidai hadi uzeeni kwamba siku ya mtihani yule alikuwa na kalamu nzuri zaidi. Pale shuleni palikuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono, ya kutolea nakala za jarida la wanafunzi. Yeye ndiye aliyeizungusha. Akaona kwamba mwalimu hutumia siku nzima kuandaa ukurasa mmoja, halafu nakala zenyewe hutoka chapuchapu kama karanga zinavyomenywa na watu wengi. Akamwendea mwalimu mkuu kuomba kila mzazi apelekewe nakala yake. Mwalimu mkuu alikubali, na mwaka ule wazazi wengi walijua kwa mara ya kwanza watoto wao wanaandika nini. Baadhi ya watoto hawakumshukuru.

Januari 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchapa vitabu na majarida, mtaa wa maduka ya vipuri, jengo lenye ngazi za chuma nje na mtambo uliotikisa vikombe ofisini. Alianzia meza ya kukunja. Wanawake wanane walisimama kuizunguka, kila mmoja na kipande cha mfupa laini cha kubania mkunjo, wakikunja na kupiga soga. Hapo ndipo alipopewa jina lake. Baadaye alihamishiwa dawati la makadirio, karibu na dirisha, awaeleze wateja kazi yao itagharimu kiasi gani na kwa nini. Alikaa hapo hadi alipostaafu mwaka 2009.

Mteja akiketi, Bi Kunja hakuanza na bei. Alichukua karatasi kubwa tupu, akampa mkononi. "Kunja," alisema. Mteja alikunja mara moja, mara mbili, mara tatu, akaambiwa ahesabu kurasa. Kumi na sita. "Sasa wewe unataka jarida la kurasa kumi na nane," Bi Kunja alimwambia kwa upole. "Hizo mbili nizitoe wapi? Punguza maneno, au niongezee mengine ya kujaza karatasi ya pili. Karatasi haijui kwamba shairi lako ni zuri." Wengine walinuna, lakini wote walirudi. Kuna bwana mmoja aliyetaka jalada la rangi ya dhahabu kwa bei ya jalada la daftari. Bi Kunja alimwonyesha sampuli zote mbili, akamwuliza, "Baba, dhahabu hii utailipia, au tuandike tu kwamba ipo?" Bwana yule alicheka hadi akaagiza wino mweusi mtupu.

Mwaka 1976 walikuja wajumbe watatu wa chama cha mafundi cherehani. Chama kilikuwa na jarida lake la mitindo na ushauri, lililochapwa kwingine, na lilikuwa linakufa. Wanachama walikuwa wamechoka kulichangia. Mkutano mkuu ulikuwa umekaribia, na huko ilikuwa lipone au lizikwe. Aliyekuwa na uchungu zaidi alikuwa mhariri wake, fundi mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni, aliyesahau kuivua tangu asubuhi.

"Dada, sisi tumeshapata dawa," alisema. "Tulikuwa tunachapa nakala mia tatu. Tupunguze ziwe mia moja na hamsini. Gharama si itakatika katikati?"

"Haikatiki, fundi."

"Kwa nini isikatike?"

"Nikuulize. Unashona sare za shule?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Kile kielelezo cha karatasi unachokatia kitambaa, ukishona sare moja unakichora nusu?"

Fundi akaishika futi yake shingoni. Wenzake wakamtazama.

"Nakichora chote," akasema. "Moja au arobaini, kielelezo ni kile kile."

"Basi na mimi hivyo hivyo. Kupanga herufi, kutengeneza mabamba ya kuchapia, kuyafunga kwenye mtambo, kuharibu karatasi mpaka wino ukae sawa, yote hayo mnalipia kabla nakala ya kwanza haijatoka. Nakala ya kwanza ndiyo ghali. Zinazofuata ni karatasi na wino na mikono yetu."

Kisha akalipima jarida lao kwa rula. Walikuwa wamelichagulia umbo la mraba kwa kuwa lilipendeza. Akaliweka juu ya karatasi kubwa ya mtambo, akaonyesha kwa kidole ukanda mpana uliokuwa ukikatwa na kutupwa kila toleo. Fundi aliutazama ukanda ule akashika kichwa. Mtu aliyeishi kwa kubana kitambaa, asitupe hata cha kutengenezea mfuko, alikuwa akitupa karatasi zaidi ya mwaka mzima. "Mama yangu mzazi asisikie," alisema.

Siku ile marehemu alifurahi mno kueleweka, na furaha ikampeleka mbali. Tunalisema hapa kwa sababu yeye mwenyewe alipenda kulisimulia. Alikwenda pamoja nao kwenye mkutano mkuu, akasimama mbele ya mafundi wote, akawashauri wasipunguze nakala bali waongeze. Wachape elfu mbili! Kila nakala itakuwa rahisi kama pipi! Ngazi ni ile ile! Hesabu yake haikuwa na kasoro, mafundi wakapiga makofi, jarida likachapwa. Kisha zikauzwa zilezile mia tatu na kidogo.

Marobota yaliyobaki yalipelekwa kwenye karakana ya mhariri. Yalijaa chini ya meza ya kukatia, yakapanda hadi dirishani, na mteja aliyekuja kupimwa suruali alipimwa akiwa amesimama kiupande. Wanachama wakaanza kusema kwamba jarida lifungwe na yule dada wa karatasi asionekane tena mkutanoni. Bi Kunja alikwenda karakana, akayatazama marobota, akalia. Aliijua bei ya kila kitu ndani ya jarida lile, ila hakuwa amemwuliza mtu hata mmoja kama atalisoma.

"Nakala rahisi ni ile yenye msomaji," alimwambia fundi. "Hizi zote ni ghali. Nipe robota moja."

"Unalipeleka wapi?"

"Mlango kwa mlango. Twende wote, wewe unawajua mafundi."

Wakaenda. Kila Jumamosi mchana, baada ya kazi, walibeba marobota begani, wakaingia karakana moja baada ya nyingine, na kila penye cherehani Bi Kunja aliuliza swali lake jipya: "Nikikuachia hii, nani ataisoma?" Aliyesema hasomi hakupewa. Aliyesema ataisoma yeye, kisha mkewe, kisha mwanafunzi wake, alipewa moja na kuambiwa waizungushe. Watu wakaanza kuliulizia toleo jipya. Jarida likapona. Kufikia hapo fundi alikuwa amezoea kubeba mzigo akiwa na mtu pembeni, na robota lilipobaki moja la mwisho alisema wasiende haraka.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Februari 1978, uani kwa wazazi wa bwana harusi. Viti havikutosha, na wageni wengine walikalia lile robota la mwisho pamoja na la toleo jipya. Bibi harusi alizunguka akihakikisha kwamba anayeinuka anainuka na nakala yake. Gauni alishona bwana harusi mwenyewe, na hakikubaki kipande. Mungu aliwajalia watoto watatu, na ndoa yao iliendelea kama walivyoianza, kwa kubishana kuhusu vipimo. Jarida nalo halikufungwa tena. Kila toleo lilichapwa kwa idadi ya wasomaji waliokuwepo kweli, na pale linapochapwa hadi leo wateja bado hupewa karatasi tupu na kuambiwa wakunje.

Mwishoni mwa mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Alilazwa mara kadhaa na hakuwa mgonjwa wa kunyamaza. Aliwafundisha wauguzi kukunja mashuka, nao kwa heshima wakaendelea kuyakunja hivyo hata alipolala. Mwezi uliopita aliwaita watoto wake na mumewe, akaagiza programu ya siku ya leo. Kurasa nne, wino mweusi, picha moja, ile anayocheka. Nakala mia mbili.

"Mke wangu, mia mbili hazitoshi," mumewe alimwambia. "Watu watakuja wengi."

"Watatoka wapi? Wateja wangu karibu wote wametangulia. Wale wa meza ya kukunja tumebaki wawili."

"Watakuja, nakwambia."

"Fundi, mimi sitaki programu zangu zibaki marobota kwenye karakana ya mtu. Mia mbili, na hata moja isibaki kitini."

Alifariki dunia asubuhi ya Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, nyumbani, mumewe akiwa amemshika mkono. Tunaumia, wala hatufichi. Lakini nyumba yetu tangu siku hiyo imekuwa na kicheko kingi kuliko tulivyotarajia, kwa sababu kila aliyeingia aliingia na kisa chake.

Nao walioingia ni wengi. Mafundi wamefunga karakana zao, wamekuja na wake na waume zao. Wamekuja watoto wa wateja, wahariri wa majarida ambayo hatukuwahi kuyasikia, na bwana wa jalada la dhahabu, mzee sasa, akisaidiwa kutembea na wajukuu. Amekuja bibi aliyekuwa wa kwanza katika hesabu, na amekiri kwamba ile kalamu ilikuwa nzuri kweli. Jana mtoto mkubwa wa marehemu alikwenda kiwandani kuomba nakala ziongezwe. Msimamizi wa mtambo alimjibu kwamba mabamba tayari yamefungwa, kuongeza ni karatasi tu, na akataja ile ngazi. Mtoto akampigia baba yake simu kuomba ruhusa.

"Mia mbili," baba yake alisema. "Alivyosema mwenyewe."

"Lakini baba, mama amekosea hesabu."

"Najua amekosea. Mwache akosee. Alipokosea mara ya kwanza, mimi nilipata mke."

Ndiyo maana, ndugu waombolezaji, hamtakuwa na nakala ya kila mmoja. Sogeleaneni. Mwenye nakala amwonyeshe asiye nayo, wasome wawili, wasome watatu, hata kama hawajuani. Wakati ule alizidisha nakala, na safari hii amepunguza, kwa kuwa alijipimia watu wachache kuliko tuliompenda.

Marehemu ameacha mume, fundi na mhariri, ambaye hata leo futi yake iko shingoni. Watoto watatu, mmoja fundi umeme, mmoja mwalimu na mmoja mpiga chapa. Wakwe wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja anayekunja kila anachoshika, mdogo wake huyu mnayemsikia, na wasomaji.

Ukurasa wa nne umefika mwisho. Pumzika salama, dada. Hakuna itakayobaki kitini.